Mngoni wa Kitanda cha Dirishani

Kama umeambiwa jana kwamba una kifua kikuu, usianze kugawa vyungu vyako. Mimi niligawa viwili na kinu juu, nikijua naenda kufa, na nilipopona niliona haya kwenda kuvidai. Kinu changu mpaka leo kinatwanga mtama wa jirani, nami nakisikia kila asubuhi kwa sikio hili moja lililobaki.

Sista wa nyumba ya kifua ndiye aliyeniomba niandike haya, yasomwe kwa kila mwanamke anayelazwa mle. Alitaka niandike habari za kumeza dawa na kutema kwenye kopo. Hayo atawaambieni mwenyewe, tena kwa ukali. Mimi nitasema ya Kristina, maana bila yeye nisingekuwapo wa kuandika. Jina langu Eufemia, Mmwera wa Kitomanga, mwenye mdomo. Kwetu kila mtu anajua habari za mdomo wangu, kwa hiyo nanyi bora mjue mapema.

Ugonjwa ulinianza wakati wa kupalilia. Kikohozi kidogo, jasho, kisha kanga ikaanza kunizunguka kiunoni mara mbili. Siku niliyotema damu shambani niliifukia kwa jembe nikaendelea na kazi. Nilipotema mara ya pili, mama mkwe aliiona. Jioni yake nilikuta bakuli langu limewekwa peke yake nyuma ya nyumba, juu ya jiwe, na mwanangu Ansila amehamishiwa chumbani kwa bibi yake. Alikuwa na miaka mitatu. Siku mbili alilia akiniita, siku ya tatu akanyamaza. Kule kunyamaza kuliniuma kuliko kifua.

Mume wangu Bonifasi alinipakia kwenye lori la korosho. Yeye alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na magunia. Kesho yake tulifika hospitali ya misheni, tukakaa kwenye benchi la barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kila nilipokohoa mtu mmoja aliinuka akaenda kusimama uani, na mwisho benchi zima likawa langu nikajilaza. Daktari alipotoka alisema nitakaa pale miezi mingi.

"Mingapi, Bwana Daktari?" Bonifasi aliuliza.

"Mpaka apone. Au mpaka tuone hatapona."

Bonifasi aliweka furushi la muhogo mkavu kwenye kizingiti cha nyumba ya kifua. Hakuingia. Alisema atakuja Jumapili, ila hakusema Jumapili ipi.

Nyumba ile ilikuwa na vitanda sita vya wanawake na madirisha yasiyofungwa hata mvua ikinyesha. Sindano ilikuwa kila asubuhi, tako la kulia leo, la kushoto kesho, hata ikawa kukaa ni adhabu na kusimama ni adhabu. Hospitali ilitoa uji wa asubuhi tu. Chakula kingine kila mgonjwa alipikiwa na jamaa zake katika banda la jikoni nyuma ya nyumba. Harufu ya mboga za wenzangu ilikuwa inaingia dirishani, nami natafuna muhogo mkavu. Siku ya tano muhogo ukaisha.

Hapo ndipo niseme ujinga wangu, maana huenda nawe unao. Nilikataa kula kwa watu. Mama mmoja, jamaa ya mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliniletea ugali na kisamvu, nikamrudishia sahani. Alinisihi. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, na asante, lakini mimi si ombaomba. Kwetu hatuli sadaka ya mtu tusiyemjua." Alikwenda zake amenuna. Siku mbili nikawa nakunywa uji wa asubuhi tu na kulala. Sista alikuja na sindano yake akanitazama mbavu.

"Wewe, dawa bila chakula ni kazi bure. Unataka kufa?"

"Sitaki, Sista."

"Basi kula!"

"Nile cha nani? Kama ningekuwa na mtani hapa ningemnyang'anya, nisingeomba. Mtani hatoi, mtani ananyang'anywa. Lakini sadaka, hapana."

Sista ni Mzungu. Alitikisa kichwa akaenda zake, kwa sababu mambo ya utani hakuyajua. Kwenu ninyi msiotoka kusini nieleze kidogo. Sisi Wamwera watani wetu ni Wangoni. Zamani walitupiga vita, wakatuchukulia watu na mbuzi, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mngoni akikuta nimepika, atakula bila kukaribishwa. Nikimkuta na shuka nzuri, nitaichukua, naye atanitukana tu. Na akifa, mimi ndiye nitakayeshika jembe la kaburi na kuwachekesha wafiwa ili wasife kwa majonzi. Kati ya watani hakuna kuomba, wala hakuna asante. Ukimwambia mtani asante umemtukana.

Sasa, kwenye kitanda cha dirishani alilala mwanamke mrefu, mwembamba, aliyenizidi miaka kama kumi. Kristina, mjane. Mumewe alikuwa mkata mkonge, na yeye mwenyewe alikuwa akifua nguo za misheni kabla hajaugua, kwa hiyo wanawake wa parokia walimletea unga na samaki, na mmoja wao alimpikia. Nilikuwa sijasema naye zaidi ya salamu. Adhuhuri ile, baada ya Sista kuondoka, nilisikia sauti yake.

"Kumbe wewe Mmwera?"

"Mmwera, ndiyo. Una neno?"

"Mimi Mngoni." Alijiinua kwa kiwiko. "Babu zangu waliwafukuza babu zako mpaka wakalala mapangoni na popo. Ndiyo maana unakohoa. Ni ule ukungu wa pangoni haujakutoka."

Loo! Wiki nzima hakuna aliyenitukana. Wote walikuwa wakisema nami kwa upole, kama mtu anayesema na maiti. Niliinuka, na miguu ilikuwa haina nguvu, nikaenda nikishika vitanda mpaka pale dirishani.

"Mjukuu wa wezi wa mbuzi, leo Mungu amekuleta mikononi mwangu," nikamwambia, nikachukua bakuli lake la ugali na samaki likiwa bado linatoa moshi, nikala lote mbele ya macho yake. Hata mwiba sikumwachia.

"Mwizi wee! Mmwera mroho!" alipiga kelele huku anacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Wagonjwa wote walikuwa wanacheka. Nililala usingizi wa kushiba mchana ule.

Tangu siku hiyo nilimtawala Kristina. Chakula chake kikawa chetu, na fungu kubwa langu. Alasiri kila mgonjwa alipewa kikombe cha maziwa ya unga, nami nilikunywa changu nikafuata na chake. "Mngoni gani anakunywa maziwa yasiyo ya wizi?" Baridi ya Juni ilipoingia nilimnyang'anya blanketi la pili. Akaniita fisi, nikamwita jambazi. Kanga yake nzuri ya maua mekundu niliivaa siku ya Ekaristi nikampita nayo kitandani nikijitikisa. Mwili ukaanza kunirudia. Kwanza mashavu, kisha mikono, kisha ile kanga ikaacha kunizunguka mara mbili.

Nilimcheka hata katika sala. Mimi nilisoma kwa masista, katekisimu naijua kwa moyo kutoka mwanzo hata mwisho. Kristina, maskini, amri za Kanisa zilimchanganya, na litania alikuwa akiitikia pasipo mahali pake. "Mngoni, ulibatizwa kwa maji au kwa pombe?" nikamuuliza. Sala yake ilikuwa moja tu. Kila asubuhi kabla ya sindano alikuwa akisema, "Baba, nitumie leo, kesho sijui." Basi. Kisha alikuwa akiangalia vitandani kuona nani hana maji ya kunywa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anasali kifupi hivyo.

"Nina pumzi chache," alisema. "Nazigawa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Sindano zilipofika sitini masikio yalianza kunililia, mlio mwembamba usiokoma, na nikiinuka sakafu inazunguka. Sista alisema ni dawa. La kushoto likazibika moja kwa moja. Kristina alihama kukaa kuliani kwangu ili nimsikie. Siku hizo ndipo nilipopata habari kwamba Bonifasi ana mwanamke mwingine jikoni, na Ansila anamwita mama. Niligeukia ukutani. Kristina hakunitukana siku hiyo. Alikaa kitandani kwangu akanishika mguu juu ya shuka, akakaa hivyo mpaka kengele ya sala ya jioni. Wakati wa chakula nilisema sitaki. Akajibu, "Afadhali. Wamwera mkila mnamaliza nchi." Nikamnyang'anya bakuli kwa hasira.

Maembe yalipoiva mimi nilikuwa natembea mpaka kanisani na kurudi. Yeye hakuweza kufika jikoni. Damu ilimtoka mara tatu juma moja. Sista alimwandikia Kristina barua kwa mtu wake, sikuuliza mtu gani. Mvua za kwanza zilipokuja akawa mifupa na macho. Adhuhuri moja alinivuta mkono.

"Eufemia, nina jambo la kukuambia."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Ilinipasa nimsikilize hapo, ninyamaze. Lakini niliogopa, na mimi nikiogopa mdomo unakwenda mbio.

"Mngoni akianza kuungama, Wamwera ficheni mbuzi!" nikasema kwa sauti, wagonjwa wengine wakacheka.

Naye alicheka. Alifumba macho akasema, "Basi, kumbe. Utajua." Alikata roho siku ya tatu yake, alasiri, wakati wa kugawa maziwa. Sista aliweka kikombe chake juu ya kisanduku kwa mazoea, na hakuna aliyekigusa. Hata mimi.

Nililia, ndiyo. Halafu nikajifuta machozi, maana nilijua kazi yangu. Mtani amekufa, na mimi ndiye mtani pekee aliyekuwapo. Asubuhi ya mazishi nilivaa ile kanga yake ya maua mekundu, nikajifunga na blanketi lake, nikawatangulia watu makaburini. Jeneza lilipofika nilikuwa nimesimama kwenye udongo wa kaburi na jembe begani. "Hazikwi Mngoni hapa!" nikapiga kelele. "Mpaka nipewe kuku wangu! Babu zake walikula mbuzi wetu, leo wanataka na ardhi yetu!" Wanawake wa parokia walitazamana. Wanaume kutoka mkongeni, waliojua utani, walitabasamu kidogo. Nikaanza kumwigiza. Nilijishika kiuno, nikatembea kwa mwendo wake wa kuvuta mguu, nikakohoa kikohozi chake, kile kirefu cha mwishoni, nikajipangusa mdomo kama alivyokuwa akijipangusa. Machozi yalikuwa yananitoka huku naigiza. Ndivyo utani wa msiba ulivyo, unalia na kuchekesha kwa uso mmoja.

Nyuma ya watu alikuwapo bibi mmoja mwenye baibui la vumbi, kifurushi mkononi. Alikuwa ameshuka kwenye lori asubuhi ile ile. Alipita katikati ya watu akaja mpaka mbele yangu.

"Wewe ni nani," aliuliza, "unayemchezea mwanangu?"

"Mimi mtani wake, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mtani kwa lipi?"

"Si ninyi Wangoni, mama. Na mimi Mmwera."

 Lafudhi yake ilikuwa ya pwani tupu, nami ndipo nilipoisikia, na ndipo nilipokumbuka kwamba ya Kristina ilikuwa hivyo hivyo, miezi yote ile, ila nilidhani ni ya kukaa sana mkongeni.

"Sisi ni watu wa Kilwa Kisiwani," alisema. "Mimi na mama yangu na mama wa mama yangu tumezaliwa kisiwani pale. Tangu lini tukawa Wangoni?"

Jembe lilinianguka. Sikujua nijifiche wapi, na kikohozi nilichomwigiza kilikuwa kama bado kiko hewani kati yetu. Mtu asiye mtani hachezewi kaburini. Hiyo ni laana, si mzaha. Nilipiga magoti kwenye matope nikaanza kuivua ile kanga.

"Nisamehe, mama. Yeye mwenyewe aliniambia ni Mngoni. Nilikuwa sili. Nilisema situmii sadaka, nitakula kwa mtani tu, ndipo akaniambia ni Mngoni. Nimemlia chakula chake, mama. Nimemnyang'anya maziwa, blanketi, hata hii kanga."

 Yule bibi alinishika mkono, akairudisha kanga begani kwangu.

"Usivue," alisema. "Huyo hakunyang'anywa kitu tangu azaliwe. Akiwa mdogo, watoto wa mtaani wakimtazama tu mkononi, ameshaachia." Kisha sauti ikamkatika. "Miaka saba sikusema naye kwa ajili ya dini hii yenu. Nimekuja na chombo mpaka Lindi na lori mpaka hapa nimwambie yamekwisha. Sasa namwambia nani? Eh? Namwambia nani?"

Kwa mara ya kwanza mdomo wangu ulijifunga. Padri alisoma sala zake, bibi akasoma za kwake kwa sauti ndogo, viganja vimefunguliwa. Kisha alininong'oneza nimalizie kazi niliyoianza. Tulifukia pamoja, mimi kwa jembe na yeye kwa mikono.

Nilimfuata Sista nikamuuliza, "Ni maziwa? Nimemuua kwa yale maziwa?" Alisema hapana, Kristina alifika hospitali amechelewa, mapafu yameliwa, na alilijua hilo tangu mwezi wa kwanza. Nimeamini nusu. Nusu nyingine naamka nayo mpaka leo, na sitawadanganya kwamba inapungua. Nilimwuliza na padri, kwenye kiti cha maungamo, kama ni dhambi, maana Kristina alikufa na uongo midomoni. 

"Na wewe ulikula?" aliuliza.

"Nilikula, Padri."

"Basi hayo mengine muachie Mungu."

Niliruhusiwa wakati wa mavuno. Kwa Bonifasi sikurudi, nilikwenda kwa kaka yangu, na mama mkwe aliniachia Ansila bila ugomvi, hilo namshukuru. Mtoto alinishangaa. Mwezi mzima aliniita "yule mama." Mvua zilizofuata ndipo alinipandia mapajani mwenyewe, akaniuliza kwa nini napiga kelele nikisema. Nikamwambia nina sikio moja. Akasogea upande wa sikio zima.

Kila mwaka baada ya mavuno nachukua unga, kunde, na samaki mkavu nikimpata, naja kupika katika lile banda mwezi mzima kwa ajili ya wasio na watu. Sasa wanasema Mwingereza anakaribia kuondoka, na vidonge vimekuja vingi, hawafi kama zamani. Ila wanaoachwa kizingitini wapo vile vile.

Juzi ameingia binti wa Kimwera, hajafika ishirini, yuko kitanda cha tatu. Siku ya pili alikuwa bado hali chakula. Nilimsikia akimwambia Sista, "Wamwera wenzangu ndio walionileta hapa wakakimbia. Sitaki cha mtu." Nilikuwa mlangoni na bakuli. Najua nikiyaandika haya nimeuharibu uongo wangu mwenyewe, maana na yeye atasomewa. Asomewe akiwa ameshanenepa.

Niliingia. "Wewe Mmwera?" nikamuuliza kwa sauti. "Mimi Mngoni. Babu zangu waliwalaza babu zako mapangoni, ndiyo maana umekonda hivyo."

Aligeuka kutoka ukutani. Macho yalimwaka. "Wezi wa mbuzi ninyi!" alisema, akanipokonya bakuli, akala mpaka akalifuta kwa kidole. Kisha akanitupia bakuli kitandani, akajifunika shuka.

Hakuniambia asante. Nami sikuwahi kumwambia Kristina. Nilikwenda kuliosha lile bakuli bombani, na huko nikamwambia, kwa sauti kubwa, maana sisi viziwi hatujui kunong'ona, na watu wote wa jikoni wakageuka kunitazama.